Rosa na Baba Yake

 Leo tushike kitabu.

Najua wapo kati yenu wapendao hadithi zenye majini na wafu wanaosema. Hao huambiwa wasome Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, ambamo ndugu wawili wenye kijicho wanageuzwa manyani. Ni kitabu kizuri, ila ni habari za kaka na kaka. Mwenye mabinti nyumbani na atafute Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Jina hilo si geni kwenu. Ni la Bikira Maria, limo katika Litania yake. Mwandishi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma seminari, akafariki mwaka 2020.

Rosa ni mtoto wa kwanza wa Zakaria na Regina. Nyuma yake wako Flora, Honorata, Stella na Sperata, na mvulana mmoja. Zakaria ni mlevi. Binti anapata barua ya mvulana. Baba anajua, anampiga vibaya sana. Tangu hapo Rosa anawaogopa wanaume. Jirani akimwona atasema, msichana mwema huyo! Lakini tazameni vizuri, enyi wazazi: je, huo ni wema, au ni hofu iliyovaa nguo za wema? Anapokwenda kusoma, mbali na mkono wa baba, hofu ile inakatika kama kamba ya mbuzi, na hakuna aliyemfundisha kuchagua. Hata mkuu wa chuo, aliyepaswa kumlinda, ni mmoja wa wanaomharibu. Kwa sababu ya habari hizo za walimu na wanafunzi wao, kitabu kilizuiwa kwanza kisifundishwe darasani. Baadaye kikaingia katika shule za sekondari za Tanzania na Kenya.

Mimi huwafikiria sana wale wadogo wanne. Katika nyumba zetu dada mkubwa ni mama wa pili: ndiye abebaye, ndiye achotaye maji. Akirudi likizo, wadogo hawashiki sana maonyo yake. Wanatazama viatu vyake, wanatazama anavyocheka, na kama ana siri wanaijua kabla ya mama. Basi aliyempiga Rosa hakumpiga mmoja.

Mtaniambia, Ukerewe mtoto ni wa baba. Sisi Wasagara na Wavidunda twahesabu ukoo kwa mama. Mjomba yupo, mama wadogo wapo. Zakaria wa kwetu angeshikwa mkono. Huenda. Lakini mjomba twamwita siku ya mahari na siku ya msiba. Siku ya barua, nani huitwa?

Yanayofuata ni mazito. Mchumba wake, Charles, anataka bikira. Anapojua ya nyuma anamkataa, na Rosa anajiua. Hapo hadithi nyingi zingekoma. Hii inavuka kaburi: Rosa na baba yake wanasimama mbele ya Mungu na kushitakiana, ni nani aliyemharibu mwenziwe. Watu wa Zombo hawahitaji kufundishwa kwamba marehemu wana neno. Ila hawa hawaji kudai pombe ya tambiko, wala hawamtishi mtu usiku. Wana kesi wao kwa wao, na shahidi hawezi kudanganywa. Katekista makini atasema si hivyo tulivyofundishwa habari za hukumu. Ni kweli, wala kitabu si Katekisimu. Kinachonichoma mimi ni kwamba maneno yale yangeweza kusemwa hapa hapa duniani, kando ya mafiga, Rosa akiwa hai na wadogo zake wakisikia. Hayakusemwa. Baba alikuwa kilabuni, na akirudi watu hunyamaza.

Hukumu yenyewe siwaambii. Kitabu si kinene. Jioni chache zatosha. Kisomeni kwa sauti, mkipokezana, wadogo sana wakiisha kulala. Na mkifika sura ile ya mwisho, msiifungue mpaka baba amerudi.