TETEMEKO NI LA ALLAH, UKUTA MBOVU NI WAKO



Ndugu yangu Muislamu, soma mpaka mwisho hata kama utanikasirikia.

Kila ardhi inapotikisika, sisi mashekhe tuna hotuba moja: zinaa imezidi, riba imezidi, watu wameacha swala. Tunashuka mimbari, tumemaliza. Sikatai kwamba tetemeko ni aya katika aya za Allah, na kwamba toba ni wajibu. Ninachokataa ni kauli hiyo kugeuzwa pazia la kumficha mwizi wa saruji.

Januari 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0. Walikufa watu zaidi ya 100,000. Mwezi uliofuata Chile ikapigwa na la 8.8, lenye nguvu mara mamia kuliko lile. Walikufa watu kama 500. Niambie, Chile walikuwa wakiamka kuswali tahajudi? Tofauti kubwa ilikuwa nondo, zege na sheria ya ujenzi inayofuatwa.

Usiseme hayo ni ya mbali. Tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba yetu ilitikiswa na tetemeko la 5.9, ambalo kwa vipimo vya dunia ni la wastani tu. Wakafa watu wasiopungua 17, na nyumba zikaanguka kwa mamia.

Uturuki nako, mwaka 2018 ilipitishwa sheria ya msamaha: mwenye jengo lililokiuka taratibu analipa ada, anapewa karatasi ya kuhalalisha. Tarehe 6 Februari 2023 ardhi ilipotikisika haikusoma karatasi ya mtu. Uturuki peke yake ilizika watu zaidi ya 50,000.

Utaniambia, "Shekhe, hiyo ni kadari." Naam, ni kadari. Lakini Sayyidna Umar (r.a.) alipougeuza msafara usiingie Sham yenye tauni, akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha tumfunge ngamia kwanza, ndipo tutawakali.

Utaniambia tena, "Aliyefukiwa na kifusi ni shahidi." Kweli, hadithi ni sahihi. Lakini ushahidi ni wa maiti, si wa fundi aliyemuua. Mtume (s.a.w.) alimkana mghushi kwa sababu ya nafaka iliyolowa, iliyofichwa chini ya kavu. Ikiwa hivyo ndivyo kwa chakula cha sokoni, itakuwaje kwa nguzo yenye roho za watu juu yake?

Basi zunguka nyumba yako leo. Kuna mkanda wa zege unaofunga kuta zote juu ya madirisha? Pembe zina nyufa za mshazari? Ukikwangua tofali kwa msumari, linamomonyoka? Umebomoa kuta za chini ukafungua fremu za maduka, na ghorofa za juu zimebaki juu ya nguzo nyembamba? Ukiona dalili hizo, mwite mhandisi, usiridhike na neno la fundi. Na wewe mwenye nyumba ya kupangisha, huwezi kusema hukujua. Kodi unaijua mpaka senti ya mwisho.

Naanza na nafsi yangu. Kamati ya msikiti wetu ilipopandisha madrasa juu ya kuta za zamani, dua ya ufunguzi niliisoma mimi. Sikuuliza msingi unabeba nini. Watoto wanakaa pale kila jioni, na mimi ndiye niliyesema Bismillah. Sasa nimeiomba kamati darasa la juu lifungwe mpaka mhandisi apime. Wapo walionuna. Wanune. Siku ya Kiyama sitaulizwa kwa nini walinuna, nitaulizwa kuhusu watoto.

Ewe Allah, tusamehe tuliyoyajenga kwa ghushi, na utupe ujasiri wa kuyabomoa kabla hayajatubomokea. Aamiin.

Mfikishie ndugu yako, hasa anayejenga. Wabillahi tawfiq.