Udongo uliochomwa si hila ya fundi

Pale Katwe, jirani na karakana za wachomeleaji, mafundi wakichanganya zege hugombana juu ya jambo moja: mchanga wenye udongo. Msimamizi akiuona hurudisha lori zima, na ana haki. Udongo mbichi hunyonya maji na kujitanda juu ya kokoto, saruji ikakosa pa kushika. Nililijua hilo Tanzania nilikosomea, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, tulipofyatua wenyewe matofali ya darasa letu. Sasa nafundisha hapa Kampala, na wanafunzi wangu hucheka nikiwaambia kwamba udongo huo huo, ukipita motoni, waweza kushika nafasi ya sehemu ya saruji.

Si mzaha, ndugu msomaji. Udongo wenye kaolini ukichomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 hivi za sentigredi, kisha ukasagwa laini, huungana na chokaa inayotoka katika saruji iliyolowa, ukawa gundi. Wahindi walichanganya unga wa matofali na chokaa kwa karne nyingi kabla ya viwanda vya saruji. Leo kuna saruji iitwayo LC3: klinka nusu tu, udongo uliochomwa asilimia 30, mawe ya chokaa 15, jasi 5. Klinka hutaka moto wa nyuzi 1,450, na sehemu ya klinka yetu huagizwa nje. Wajenzi hawajasahau mwaka 2018, mfuko ulipopanda bei ghafla na wengine wakaacha kuta nusu. Kaolini tunayo, kwa mfano Mutaka, magharibi mwa nchi.

Ninachohofia ni fundi atakayesikia nusu ya habari hii akatwanga matofali yoyote. Tanuri zetu za kuni hazina moto sawa. Upande mmoja tofali limeungua, upande wa pili bado bichi. Udongo uliozidi moto hupoteza nguvu yake, na ule mbichi ndio ule tunaourudisha na lori. Anayelala chini ya zege la namna hiyo ni mpangaji, wala hakuulizwa.

Kwa hiyo Shirika la Viwango na wahandisi wa Makerere wapime udongo wetu, kisha wawape mafundi majibu kwa lugha wanazozungumza kazini. Na vijana wa Katwe wanaounda mashine za kusaga mahindi waitwe waunde tanuri lenye kipimo cha joto. Mpaka hapo, mwenye nyumba, endelea kurudisha lori.