Vishindo Tele, Maneno Hatuyasikii

Jumamosi moja mume wangu alirudi kutoka Kariakoo na spika mbili ndefu, zinanifika kifuani. Hakuniuliza. Hela ilikuwa ile tuliyokuwa tunaidunduliza kwa ajili ya kiwanja! Nikanuna weee, halafu usiku tukaweka filamu. Milipuko ilitikisa vioo vya kabati, lakini watu wakianza kuongea, hola. Anaongeza sauti, gari linalipuka, anakimbilia rimoti mtoto asiamke. Tukaishia kusoma maandishi chini ya picha kama tuko darasani.

Mpenzi msomaji, huenda na wewe yamekukuta. Kwenye hom thieta ya 5.1, maneno ya waigizaji karibu yote hutokea kwenye spika ya katikati, ile inayokaa chini ya TV. Ya kwetu ilikuwa kijispika cha plastiki kilichobaki kwenye seti ya zamani. Zile ndefu, pamoja na ukubwa wote ule, kazi yake ilikuwa muziki na vishindo.

Kwa hiyo ukipanga bajeti anzia katikati. Spika tatu za mbele ziwe za kampuni moja na toleo moja. La sivyo, gari likipita kutoka kushoto kwenda kulia mlio wake unabadilika njiani. Besi nzito mwachie sabufa, mara nyingi inawekwa ibebe kuanzia 80 Hz kushuka chini, ndiyo maana spika ndogo za kuweka kwenye shelfu zinatosha kabisa kwa sebule zetu hizi. Twita, kile kispika cha sauti nyembamba, kiwe usawa wa masikio mkiwa mmekaa kwenye kochi.

Na muuzaji akikuimbia "wati 1,000 hizi, dada!", muulize desibeli. Spika ya dB 90 ikipewa wati 1 inatoa sauti ambayo ile ya dB 87 itahitaji wati 2 kuifikia. Omu nazo ziendane na amplifaya. Jamani, nendeni wote wawili, mbebe filamu mnayoijua, na msikilize sehemu watu wanaponong'ona. Dukani wao watawapigia Bongo Fleva tu.

Zile ndefu tuliziuza kwa hasara, kiwanja kikasogea miezi minne mbele. Hizi ndogo tulizichagua pamoja, na maneno tunayasikia. Mwenzangu bado analalamika eti hazina heshima sebuleni.