Mangi Alistahili Kura

Adeel Mangi alistahili kuwa jaji. Nalisema leo, baada ya jina lake kurudishwa Ikulu ya Marekani bila kupigiwa kura katika ukumbi wa Seneti, kwa sababu nawasikia waliomtetea jana wakishusha sauti na kusema yaliyopita si ndwele. Hii ni ndwele, na bado inauma. Mwanasheria ambaye Chama cha Mawakili cha Marekani kilimweka katika daraja lake la juu alinyimwa kiti cha Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho kwa sababu ni Mwislamu. Atakayesema nimetia chumvi na asome yaliyosemwa mbele ya kamera, kisha arudi anieleze sababu nyingine ilikuwa ipi.

Kiti chenyewe si kidogo. Marekani ina mahakama 13 za rufaa za shirikisho, na Mahakama ya Juu iliyo juu yake husikiliza kesi 60 hivi tu kwa mwaka. Kwa hiyo, kwa mfungwa, mfanyakazi, mwenye kampuni au mhamiaji anayepigania haki yake, mlango wa rufaa ndio huwa wa mwisho. Mahakama ya Mzunguko wa Tatu, ambako Mangi aliteuliwa kwenda na iliyoko Philadelphia, ina majaji 14 na huamua rufaa za Pennsylvania, New Jersey, Delaware na Visiwa vya Virgin. Jaji akishaapishwa hukaa maisha yake yote. Katika historia nzima ya mahakama hizo 13, hajawahi kuketi Mwislamu hata mmoja. Zahid Quraishi alikuwa wa kwanza kuidhinishwa kuwa jaji wa mahakama ya wilaya ya shirikisho, mwaka 2021, na Warepublican wengi wakampigia kura. Ngazi ya juu yake ikabaki imefungwa.

Novemba 2023 Rais Joe Biden alimteua Mangi, mzaliwa wa Karachi, aliyesoma sheria Oxford na Harvard, mshirika katika kampuni kubwa ya mawakili New York. Mtu wa aina hiyo angeweza kutumikia matajiri hadi uzeeni na asisumbuliwe na yeyote. Yeye akaenda kuwatetea watu bila malipo.

Tazama kesi ya Basking Ridge. Waislamu wa mji huo mdogo wa New Jersey walitaka kujenga msikiti kwenye kiwanja chao. Halmashauri ya mipango ikawaita kikao baada ya kikao, hadi vikafika 39. Vikao 39 kwa nyumba moja ya ibada! Hoja kubwa ikawa maegesho ya magari. Makanisa na masinagogi yalikuwa yakipangiwa nafasi moja ya gari kwa kila waumini watatu, na kwa hesabu hiyo msikiti ulihitaji nafasi 50. Halmashauri ikadai 107, halafu ikautumia ukubwa wa maegesho iliyoyadai yenyewe kutafuta kasoro nyingine katika ramani, na mwishoni mwa 2015 ikakataa kabisa. Kikosi cha mawakili alichokiongoza Mangi kiliipeleka mahakamani. Siku ya mwisho ya mwaka 2016 jaji wa shirikisho akaamua kwamba huwezi kuwapimia Wakristo na Wayahudi kwa kipimo kimoja na Waislamu kwa kingine. Mwaka 2017 mji ukakubali kulipa dola milioni 3.25 na kuruhusu ujenzi. Mwaka uliofuata akapata suluhu kama hiyo kwa Waislamu wa Bayonne, jimbo hilohilo.

Tazama pia kesi ya Karl Taylor, mfungwa mweusi mwenye maradhi ya akili aliyefia mikononi mwa askari jela katika gereza la Sullivan, New York, mwaka 2015. Mangi aliisimamia familia yake hadi serikali ya jimbo ikakubali, mwaka 2020, kulipa dola milioni 5 na kufunga kamera na vinasa sauti gerezani. Fedha hizo hazikumfufua Taylor. Lakini kamera humlinda mfungwa, na humlinda pia askari mwadilifu asisingiziwe. Hiyo ndiyo kazi ya wakili ninayotaka kuiona kwa mtu anayeomba kuwa jaji.

Desemba 13, 2023, alipofika mbele ya Kamati ya Sheria ya Seneti, kazi hiyo haikuulizwa sana. Aliulizwa kuhusu kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Rutgers, ambako alikuwa mmoja wa wajumbe wa bodi ya ushauri. Alieleza kwamba bodi ilikutana mara moja kwa mwaka kuzungumzia mada za utafiti, na kwamba hakuhusika na mihadhara ya kituo. Haikutosha. Seneta Ted Cruz wa Texas akambana alaani mauaji ya Oktoba 7 huko Israel. Akayalaani. Seneta John Kennedy wa Louisiana (hana udugu na yule rais) akataja mhadhara wa kituo hicho na kumuuliza kama hivyo ndivyo anavyosherehekea Septemba 11. Mtu aliyekuwa New York siku ile, aliyeona moshi wa minara kwa macho yake, anaulizwa mbele ya familia yake kama anasherehekea vifo vya majirani zake!

Sikubali kuambiwa kwamba hayo yalikuwa maswali magumu ya kawaida. Jaji na aulizwe maswali magumu. Aulizwe anaisomaje Katiba, anapima vipi ushahidi, atamtendeaje mtu maskini asiye na wakili. Lakini kumtaka mtu ajitakase kwa damu asiyoimwaga, kwa sababu tu anaitwa Adeel na anaswali, ni kumhukumu kwa dini yake. Ibara ya 6 ya Katiba ya Marekani inasema bayana kwamba hakuna sharti la dini litakalowekwa kwa mtu kushika wadhifa wa umma. Anti-Defamation League, jumuiya inayopambana na chuki dhidi ya Wayahudi, ilijitokeza kulaani mahojiano yale. Kama wao waliuona ubaya huo, maseneta walioapa kuilinda Katiba walishindwa na nini?

Na ibara hiyo Warepublican wanaijua vizuri sana. Septemba 2017 Amy Coney Barrett, aliyeteuliwa na Donald Trump kwenda Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba, aliulizwa na Seneta Dianne Feinstein kuhusu Ukatoliki wake. Warepublican waliwaka, wakasema dini ya mtu haipaswi kuwekwa mezani. Walikuwa na haki. Mwezi uliofuata Barrett akaidhinishwa kwa kura 55 dhidi ya 43. Nawauliza waliomtetea Barrett: kinga mliyomfunika nayo Mkatoliki ilikwenda wapi alipoketi Mwislamu kwenye kiti kilekile?

Hata hivyo, hasira yangu kubwa haiendi kwao. Kamati ilimpitisha Januari 2024 kwa kura 11 kwa 10. Wademocrat walikuwa na wingi katika Seneti. Shutuma za ugaidi zilipochosha, zikaja nyingine: kwamba ni adui wa polisi, kwa kuwa alikuwa kwenye bodi ya ushauri ya shirika linalosaidia familia za wafungwa, na mmoja wa wajumbe waanzilishi wa bodi yake alikuwa mwanamke aliyewahi kufungwa kwa ujambazi wa 1981 ambamo polisi waliuawa. Mwaka 1981 Mangi alikuwa mtoto mdogo. Shutuma nyepesi namna hiyo iliwatosha Catherine Cortez Masto na Jacky Rosen, maseneta wa Nevada, kumkana mtu wa chama chao. Joe Manchin wa West Virginia akasema hatampitisha mteule asiye na kura hata moja ya Mrepublican. Kwa maneno mengine, aliwapa waliomtukana Mangi haki ya kumpa au kumnyima ruhusa.

Woga huu si lazima uwepo. Mwaka 1961 Rais John F. Kennedy alimteua Thurgood Marshall, mwanasheria mweusi, kwenda Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili. Wasomaji wa Kenya wana sababu ya kumkumbuka: mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alikuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa Lancaster House, London, akaandika rasimu ya haki za raia iliyowalinda hata Wazungu na Wahindi, waliokuwa wachache. Mtu huyo, aliyewaandikia ulinzi walowezi wa Kenya, aliitwa mchochezi na maseneta wa Kusini. Kamati iliyoongozwa na James Eastland wa Mississippi ilimkalia karibu mwaka mzima. Wafuasi wake hawakumtupa. Septemba 11, 1962, akaidhinishwa kwa kura 54 dhidi ya 16, na kila aliyempinga jina lake likaandikwa.

Mangi hakupewa hata hilo. Novemba 2024, baada ya uchaguzi, viongozi wa Wademocrat katika Seneti walikubaliana na Warepublican kuwaacha wateule wanne wa mahakama za rufaa, Mangi akiwamo, ili wapitishe majaji wa wilaya kwa zaidi ya mara tatu ya idadi hiyo. Wakasema wanne hao hawakuwa na kura za kutosha. Basi zihesabiwe hadharani! Kura inayoshindwa humwacha mtu na heshima yake, na huwalazimu wanaomkataa kusimama na kutamka hapana. Mapatano yale yaliwafichia waoga nyuso zao.

Na kiti hakikubaki kitupu. Trump alimteua kukikalia Emil Bove, aliyekuwa wakili wake binafsi wa utetezi, ambaye mwanasheria wa zamani wa Wizara ya Sheria alimtuhumu kwamba alidokeza amri za mahakama zipuuzwe. Bove alikanusha. Zaidi ya wanasheria 900 waliowahi kufanya kazi katika wizara hiyo waliweka saini kumpinga. Wengi wa chama chake hawakutetereka: Julai 29, 2025, akapita kwa kura 50 dhidi ya 49. Warepublican walimbeba mtu wao juu ya upinzani wote huo. Wademocrat walishindwa kumbeba wao juu ya uzushi.

Manchin ameondoka Seneti. Cortez Masto na Rosen bado wamo. Wapiga kura wa Nevada wana haki ya kuwauliza, kwenye kila mkutano wa hadhara, ni kitu gani hasa alichokifanya Mangi. Wenzetu wanaozungumza Kiswahili waliopata uraia wa Marekani, wanaojenga misikiti na makanisa yao na kukutana na halmashauri kama ile ya Basking Ridge, wawaulize maseneta wa majimbo yao pia, kabla ya kuwapa kura. Na siku Wademocrat watakapoishika tena Ikulu na Seneti, kikapatikana kiti wazi kwenye Mzunguko wa Tatu, jina la kwanza kupelekwa liwe la Adeel Mangi, na safari hiyo lipigiwe kura.