Toa ndoo ndani ya pipa



Wiki hii tena wadogo watatu wa mwaka wa kwanza walilala dispansari juu ya tumbo. Watu wanasema ni maharagi. Mimi nasema tuangalie kwanza yale mapipa karibu na jiko.

Sisi wa mwaka wa sita tuliandika katika kaye sheria ya Stokes, ya mwaka 1851: chembe ikishuka ndani ya maji, mbio yake inafuata mraba wa upana wake. Tulipata pointi nzuri. Lakini nani alifanya hesabu ya pipa letu? Chembe ya mchanga ya milimita 0.1 inashuka karibu milimita 8 kwa sekunde. Pipa la mita moja, dakika mbili tu. Chembe ya udongo, ndogo mara 100, inaenda pole mara 10,000. Itahitaji siku zaidi ya kumi, tena kama hakuna anayegusa. Na sisi tunagusa tangu kengele ya asubuhi!

Ndiyo maana tunatia shabu. Chembe za udongo zina umeme wa namna moja, zinasukumana. Shabu inatuliza ule ugomvi: zinashikana, zinakuwa madonge, zinashuka upesi. Koroga mbio kidogo, kisha polepole, kisha acha. Acha kabisa, wandugu! Donge lile ni laini kuliko uji. Ndoo moja ikitupwa kwa nguvu, limevunjika, na shabu imepotea bure. Huko Katanga wanaosaga mawe ya shaba wanatuliza matope yao ndani ya mabeseni makubwa ya duara, na reki ya chini inazunguka pole sana. Hakuna anayekuja na kopo lake.

Wengine wananiita askari wa pipa, eti kapita anatafuta ukubwa. Sawa. Hata maji yakiwa meupe, vijidudu vingine vinabaki, lazima kuchemsha; sikatai. Lakini kuchemsha matope si kuyasafisha.

Naomba hivi: pipa moja lijazwe jioni, lifungwe, tuchote asubuhi kwa robine iliyowekwa juu ya matope. Robine inakosa. Bwana mwalimu wa kemia amekwisha kutoa sehemu yake ya bei. Wanaotaka kuongeza wanikute jumamosi nyuma ya jiko, saa kumi.

Kapita wa interna, mwaka wa sita