Mahakama Isiwe Mlango wa Kwanza

Wapo watumishi wa umma ambao, wakisikia kwamba kijana amekosa, neno la kwanza vinywani mwao ni moja tu: apelekwe polisi, afikishwe mahakamani, afungwe. Wanadhani kwa kusema hivyo wanailinda sheria. Kwa kweli wanaitwisha mahakama mzigo ambao jamii ingeweza kuubeba, tena kwa faida kubwa zaidi.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 19 katika Kata ya Namswea, wilayani Mbinga, anayekamatwa msimu wa mavuno akiwa na debe moja la kahawa ya jirani. Ni kosa lake la kwanza, naye analikiri. Akikosa wadhamini atakaa rumande. Jirani aliyeibiwa ataacha kuchuma kahawa yake ili aende kutoa ushahidi. Shauri likiahirishwa, atakwenda tena. Hatimaye kijana akifungwa, Serikali itamlisha kwa jasho la wakulima, na mwenye shamba hatarudishiwa hata kisado kimoja. Tunauliza: ni nani aliyefaidika?

Kasumba hii ina asili yake. Kanuni ya Adhabu tunayoitumia ilitungwa na Waingereza mwaka 1930, na shabaha ya mkoloni ilikuwa kutawala. Lakini Wamatengo walikuwa na sengu, ambapo watu wa ukoo walikula pamoja, mizozo ikaamuliwa na vijana wakafundwa. Hatusemi sengu lirudishwe kama lilivyokuwa, maana sauti ya mwanamke humo ilikuwa hafifu. Tunasema kwamba msingi wake, yaani mkosaji kukiri, kufidia na kupokewa tena, ni wetu, wala haukuazimwa kokote.

Taifa letu huru lililitambua jambo hili mapema. Mwaka 1969 yaliundwa Mabaraza ya Usuluhishi. Mwaka 1985 ikaja Sheria ya Mabaraza ya Kata, ikiyapa jukumu la kuleta amani na mapatano. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka huo huo nayo iliiruhusu mahakama kupatanisha watu katika shambulio dogo na makosa ya kibinafsi. Kasoro ni kwamba upatanishi huo wa mahakama huja wakati mtuhumiwa amekwisha simama kizimbani. Tunachokidai ni mapatano kabla ya mashtaka.

Wenye uwezo wamekwisha kufunguliwa mlango wa namna hiyo. Dereva akivunja sheria barabarani, hulipa faini ya papo kwa papo akaendelea na safari. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humruhusu Kamishna kumaliza kosa la mwenye mali akikiri na kulipa. Septemba 2019 Rais Magufuli aliridhia watuhumiwa wa uhujumu uchumi warudishe fedha na kuachiliwa, na mwaka huo huo makubaliano ya kukiri kosa yakaingizwa katika sheria. Ikiwa anayedaiwa kuhujumu mamilioni anaweza kukaa mezani na mwendesha mashtaka, kwa nini kabwela wa debe la kahawa asiwe na meza yake? Usawa wa binadamu hauna mizani miwili.

Majirani wetu hawakungoja. Uganda, kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 1996, ilizipa mahakama za vijiji uwezo wa kuamua wizi mdogo wa watoto kwa kuonya, kufidia na kupatanisha, bila kufunga. Kenya ilitoa sera ya kuepusha mashtaka mwaka 2019, kisha ikauweka utaratibu huo katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022.

Wapinzani watatuambia kwamba dawa ya moto ni moto, na kwamba mabaraza yatageuka soko la rushwa. Hofu ya rushwa ni ya haki, na jibu lake ni uwazi: mapatano yafanyike hadharani, yaandikwe katika daftari, na yapate kibali cha Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Ubakaji, ukatili wa nyumbani, unyang'anyi wa silaha na rushwa yenyewe visiguswe kabisa. Aidha, asilazimishwe mtu kukiri asilolitenda kwa kuogopa rumande. Apewe kwanza msaidizi wa kisheria, kama inavyokusudiwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na mwenye kuibiwa asipuuzwe: bila fidia yake hakuna mapatano.

Katiba yetu, Ibara ya 59B, inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Je, kumfunga mkosaji wa mara ya kwanza ambaye yu tayari kufidia ni maslahi ya umma? Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi taarifa yake Julai 2023. Wakati wa kuunda tume umepita. Huu ni wakati wa kutunga sheria iliyo wazi.

Hata hivyo, sheria peke yake haitatosha. Mtendaji wa kata ndiye atakayetunza daftari, na mwalimu ndiye amjuaye kijana tangu alipokuwa darasani. Wote wawili wakiendelea kuimba wimbo wa apelekwe polisi, sheria nzuri itabaki kabatini. Samaki hukunjwa angali mbichi, gerezani hukaushwa.