Mshairi kijana hahitaji jina la mtu mwingine

Kijana akisimama mbele ya watu huko Goma, Bukavu ao Lubumbashi, akasoma shairi alilotunga mwenyewe, mara nyingi sifa ya kwanza anayopewa ni jina la mtu mwingine. Wanamwambia: "Wewe ni Grand Corps Malade wetu." Mwenye kusema hivyo ana nia nzuri. Lakini sifa hiyo inamuumiza msanii kuliko wasikilizaji wanavyofikiri.

Grand Corps Malade ni Mfaransa aliyejulisha watu wengi slam, mashairi yanayosemwa kwa sauti mbele ya watu, kupitia albamu yake Midi 20 ya mwaka 2006. Alisimulia maisha yake na mji wake wa Saint-Denis, kando ya Paris. Kijana wa Goma anasimulia mambo mengine: mama aliyekimbia vita akiwa na mtoto mgongoni, nyumba zilizoungua wakati Nyiragongo ilipolipuka mwezi wa tano mwaka 2021, masomo yaliyokatika. Kinachofanana ni namna ya kusema tu. Watu wakitoka ukumbini wanabishana kama amemfikia Mfaransa ao hapana, na yule mama wa ndani ya shairi hakuna anayemtaja tena. Hapo ndipo hasara ilipo: kulinganisha kumeziba masikio.

Jambo hili si jipya. Tchicaya U Tam'si, mshairi mkubwa wa Kongo-Brazzaville aliyefariki mwaka 1988, alifananishwa sana na Mfaransa Rimbaud. Ni kweli, kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1955, Le Mauvais Sang, kilichukua jina lake katika maandishi ya Rimbaud. Lakini mwaka 1960 Tchicaya alikuwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, akifanya kazi ya gazeti upande wa Lumumba. Vitabu vyake Epitomé, cha mwaka 1962, na Le Ventre, cha mwaka 1964, vimebeba uchungu wa siku hizo na kifo cha Lumumba. Msomaji anayetafuta Rimbaud tu ndani ya kurasa hizo anampita Lumumba bila kumuona.

Kuna pia sifa yenye dharau ndani yake. Mfaransa André Breton alimsifu Aimé Césaire wa Martinique kwa kuandika kwamba Mweusi huyo anatumia Kifaransa kuliko Mzungu yeyote wa wakati ule. Frantz Fanon alilijibu neno hilo katika kitabu chake cha mwaka 1952: hakuona cha kushangaza, kwani Césaire ni mzaliwa wa Martinique na amesoma chuo kikuu. Anayeshangaa kwamba mtu ameweza, alikuwa amefikiri kwanza kwamba hawezi.

Mashariki mwa Kongo, mzani huo unapima hata lugha. Kijana akitunga kwa Kiswahili cha Bukavu ao cha Lubumbashi, wapo wanaomwambia akajifunze kwanza kile cha Tanzania. Kujifunza ni kuzuri, na hakuna anayepoteza kwa kusoma Shaaban Robert. Lakini Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na Kiswahili hicho ni kile wakaaji wanachotumia sokoni, kanisani na kwenye matanga. Shairi la kumlilia marehemu wa Bukavu likisemwa kwa maneno ya Bukavu halina kosa. Limesemwa mahali pake.

Je, kulinganisha kuachwe kabisa? Haiwezekani, na haifai. Mwalimu analinganisha kusudi mwanafunzi aone namna mbili za kujenga ubeti mmoja. Msomaji wa mbali anahitaji mlango wa kuingilia. Msanii mwenyewe ana deni kwa waliomtangulia, na akikataa kulitaja anajidanganya. Lakini kusema "hapa umekata sentensi kama fulani, na imekusaidia" ni kumfundisha mtu. Kusema "wewe ni fulani wa pili" ni kumfungia mlango, kwa sababu wa kwanza yupo tayari.

Wanamuziki wa inchi hii wametoa mfano mzuri. Kwa miaka mingi mashabiki walibishana: Franco ao Tabu Ley, nani mkubwa? Katika miaka ya 1980 wakubwa hao wawili waliingia studio pamoja na kurekodi pamoja. Kila mmoja alibaki na sauti yake, na msikilizaji akafaidi mara mbili. Mabishano ya mashabiki hayakuongeza hata wimbo mmoja.

Wasanii nao wana sehemu yao. Anayejiita "namba moja" kila anapopanda jukwaani ameleta mzani mwenyewe, asilalamike akipimwa. Na asiyekubali neno lolote isipokuwa makofi atabaki pale pale. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mtu anayesoma shairi lake mbele ya wengine ametoa kitu cha ndani, mara nyingine kitu ambacho hakuthubutu kuwaambia hata wa nyumbani kwake. Anachongojea ni kujua kama kimefika. Msikilizaji anaweza kumtajia mstari mmoja uliobaki kichwani, ao kumuuliza habari za yule mama aliyekimbia. Hiyo ni sifa tosha, na haihitaji jina la mtu wa Paris.